Farasi mdogo kaumia na anatakiwa akae bandani miezi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu wanauliza sana wakishaambiwa kwamba farasi wao wa mwaka mmoja, miwili au mitatu hatakiwi kutoka bandani mpaka apone. Majibu hayachukui nafasi ya daktari wa mifugo aliyemuona farasi wako kwa macho na picha, ila yatakusaidia ujue cha kumuuliza na cha kuangalia kila siku, manake daktari anakuja mara moja moja, wewe ndo uko naye asubuhi na jioni.

Daktari kasema "apumzike bandani". Ana maana gani hasa?

Muulize hapohapo kabla hajaondoka, kwasababu hayo maneno yanabeba vitu vitatu tofauti. Kuna kukaa bandani saa zote 24 bila kutoka kabisa. Kuna kukaa bandani lakini anatolewa kutembezwa kwa kamba dakika chache. Alafu kuna kukaa kwenye kauwanja kadogo kenye uzio, karibu na banda, ambako anaweza kupiga hatua kadhaa ila hawezi kukimbia. Mtu akichanganya la kwanza na la tatu anaharibu kazi yote.

Uliza pia kama anaruhusiwa kulala. Kuna nyufa za mifupa, hasa ya sehemu ya juu ya mguu, ambazo hatari yake kubwa ni pale farasi anapojiinua kutoka chini, kwahiyo daktari anaweza kutaka afungwe asilale kwa wiki kadhaa. Sio kila jeraha liko hivo, ila usipouliza hutajua.

Banda lenyewe liwe angalau mita 3.6 kwa 3.6, ageuke bila kujikunja sana. Sakafu isiteleze.

Itachukua muda gani?

Inategemea nini kimeumia. Mifupa mingi yenye ufa mdogo inahitaji miezi 2 hadi 4 ya banda na kutembezwa, alafu miezi mingine ya kurudi taratibu. Kano ndo mtihani. Kano ya nyuma ya muundi ikichanika, hesabu miezi 9 hadi 12 mpaka farasi arudi kwenye kazi kamili, na hata hapo ni kama kila kitu kimeenda sawa. Wiki za mwanzo ni za uvimbe na joto, zinazofuata mwili unajaza sehemu iliyochanika kwa nyuzi za haraka haraka ambazo ni dhaifu na zimekaa ovyo, alafu kwa miezi mingi zile nyuzi zinabadilishwa na nyingine ngumu zaidi na zinajipanga kufuata mvutano wa mguu. Hiyo hatua ya mwisho haiharakishwi na dawa yoyote.

Ndo maana picha za ultrasaundi zinapigwa kila baada ya wiki 6 hadi 8 hivi, na ratiba inafuata picha, sio kalenda iliyobandikwa ukutani. Na ile picha ya kwanza, kama ilipigwa siku ileile ya kuumia, omba irudiwe baada ya siku 5 hadi 7, kwasababu jeraha la kano linaweza kuendelea kupanuka siku za mwanzo na picha ya mapema ikakuonyesha dogo kuliko lilivyo.

Zimepita wiki chache tu na hachechemei tena kabisa. Kwanini asitoke?

Hili ndo swali linaloharibu farasi wengi kuliko mengine yote, kwahiyo naomba ulisome polepole. Kuchechemea kunaonyesha maumivu. Hakuonyeshi uimara. Uvimbe ukishuka maumivu yanaisha, na hapo ndo kwanza mwili umeanza kujaza zile nyuzi dhaifu nilizosema hapo juu, yaani farasi anajisikia mzima kipindi kilekile ambacho kano yake haiwezi kubeba hata mruko mmoja wa furaha. Na farasi mdogo aliyefungiwa, ukimfungulia, hatatembea. Atapiga mbio, atageuka ghafla, atarusha miguu ya nyuma hewani, na jeraha la pili mahali palepale mara nyingi ni baya kuliko la kwanza.

Kwahiyo asipochechemea, shukuru, alafu endelea na ratiba. Mguu usiokuwa na joto wala uvimbe ni habari njema lakini sio ruhusa. Ruhusa inatoka kwenye picha.

Si bado mdogo? Watoto wanapona haraka.

Kwa mifupa, ndiyo, farasi mdogo anapona haraka kuliko mkubwa. Lakini udogo una deni lake. Mwili wake bado unakua, na karibu na ncha za mifupa ya miguu kuna sehemu laini ambazo ndo zinarefusha mfupa. Zile za chini karibu na kifundo zinafunga mapema, kabla au karibu na mwaka wa kwanza, ila ile iliyo juu ya goti inaendelea mpaka kama miaka 2 hadi 2 na nusu. Farasi akiegemea mguu mmoja usioumia kwa wiki nyingi, uzito unaangukia upande mmoja wa hizo sehemu na mguu unaweza kuanza kupinda. Kwa mwanafarasi anayenyonya inatokea haraka sana, na ule mguu ulioumia, ambao haukanyagwi, kano zake zinaweza kujivuta akawa anasimama kwenye ncha ya kwato. Simama mbele yake na nyuma yake kila wiki, mpige picha kwa simu kutoka sehemu ileile, linganisha. Jicho la kila siku halioni mabadiliko ya polepole.

Kitu kingine ambacho watu hawakifikirii ni kwamba mfupa unajijenga kwa kukanyagwa. Farasi mdogo akikaa bandani miezi mifupa yake yote inapungua ugumu, hata ya miguu isiyoumia. Ukimrudisha kazini kwa kasi ileile ya zamani unaweza kuponya kano ukavunja mfupa.

Mwanafarasi anayenyonya akae na mama yake, hilo halina mjadala, hata kama banda litabidi liwe kubwa zaidi.

Nimlishe nini? Nimpunguzie chakula?

Punguza nguvu, usipunguze lishe. Nafaka na vyakula vyenye molasi na wanga mwingi ndo vya kukata, na ukate siku ileile anapoingia bandani, usingoje aanze kuruka ukutani. Punguzo la kazi na nafaka ileile ni njia ya haraka ya kupata farasi mnene, mkali, mwenye kwato zinazowaka moto.

Nyasi kavu ndo msingi. Asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kwa siku, na kwa anayekua kaa karibu na ile 2, kwahiyo farasi wa kilo 350 ni kama kilo 7. Pima kwa mizani jamani, macho yanadanganya. Tatizo la nyasi peke yake ni kwamba mara nyingi hazitoshi protini nzuri, shaba, zinki na vitamini E ambazo mwili unaokua na unaojitibu unazihitaji, kwahiyo ongeza kiasi kidogo cha chakula cha kusawazisha madini kilichotengenezwa kwa farasi wanaokua, au lusini (alfalfa) kidogo. Kalsiamu iwe zaidi ya fosforasi, kama 1.5 hadi 2 kwa 1. Ukiwa unampa pumba nyingi bila kitu kingine unageuza huo uwiano, kwasababu pumba ina fosforasi nyingi sana.

Usimnyime sana akakonda, na usimnenepeshe. Akikua kwa kasi baada ya kipindi cha njaa anapata matatizo ya viungo, unaweza kuona uvimbe mgumu juu kidogo ya goti au ya kifundo, miguu yote miwili. Ukiuona huo piga simu.

Kitu cha mwisho kwenye chakula: tumbo la farasi linatoa asidi saa zote, ale asile. Akikaa saa nyingi na hori tupu anapata vidonda vya tumbo. Gawa nyasi mara 4 au zaidi kwa siku, tumia wavu wenye matundu madogo, hata nyavu mbili moja ndani ya nyingine, ili lundo la saa moja limchukue saa tatu.

Mbona anapata choo kidogo siku hizi?

Usilichukulie poa hili. Utumbo wa farasi unasaidiwa na kutembea. Aliyezoea kuzunguka na kula majani mabichi yenye maji, ghafla anasimama tu na kula nyasi kavu, chakula kinaweza kukauka na kuziba tumboni, akapata msokoto. Wiki mbili za mwanzo ndo hatari zaidi, kwahiyo kumhamisha kutoka majani mabichi kwenda nyasi kavu kufanywe taratibu kama hali inaruhusu.

Hesabu marundo ya kinyesi. Farasi mzima wa kawaida anatoa kama 8 hadi 12 kwa siku, ila cha maana ni kujua idadi ya wa kwako. Yakipungua, yakiwa madogo, makavu, yamefunikwa na ute, hiyo ni alama ya mapema kabla hajaanza kujitazama ubavuni na kupiga chini kwa mguu. Loweka nyasi. Weka jiwe la chumvi au chumvi kidogo kwenye chakula. Maji yawe kwenye ndoo badala ya kile chombo kinachojijaza chenyewe, kwasababu kwenye ndoo unaona amekunywa ngapi. Farasi wa kilo 500 anayekula nyasi kavu anahitaji lita 25 hadi 30 hivi kwa siku, na zaidi kukiwa na joto.

Kama ana umri wa miaka 2 na nusu mpaka 4 na nusu na anatema vidonge vya majani yaliyotafunwa nusu, angalia meno kabla hujalaumu dawa au huzuni. Huo ndo umri wa kung'oka meno ya utoto na saa zingine jino la zamani linakwama juu ya jipya.

Naweza kumpa dawa ya maumivu kila siku?

Kwa siku na kiasi alichoandika daktari tu. Fenilbutazoni, ile wengi wanaiita byuti, na fluniksini zinasaidia sana siku za mwanzo, lakini zikiendelea zinaumiza tumbo, utumbo mpana na figo, na kwa wadogo hatari ni kubwa zaidi, na inazidi tena akiwa hanywi maji vizuri. Usizichanganye mbili kwa pamoja. Kuharisha, kusaga meno, kukataa chakula, au uvimbe laini chini ya tumbo, simamisha na upige simu.

Na kuna hili: ukimuondolea maumivu yote farasi asiyetulia, anakanyaga mguu kuliko inavyofaa. Maumivu kidogo yanamlinda. Maumivu makubwa hayafai kwasababu yanamfanya aegemee mguu mwingine, na hapo tunafika kwenye swali linalofuata.

Kwanini kila mtu ananiambia niangalie mguu mzima, yaani ule usioumia?

Kwasababu ndo unaoua. Mwaka 2006 Barbaro, farasi wa miaka 3 aliyekuwa ameshinda Kentucky Derby, mbio kubwa za farasi za Marekani, alivunjika mguu wa nyuma wa kulia kwenye mbio nyingine za hukohuko zinazoitwa Preakness. Alifanyiwa upasuaji, mifupa ikawa inaunga, dunia nzima ikawa inafuatilia. Kilichommaliza ni laminaitisi, yaani ugonjwa wa tabaka la ndani ya kwato, kwanza kwenye mguu wa nyuma wa kushoto, ule uliokuwa unabeba uzito wa mwenzake, na mwishowe ikafika hadi ya mbele. Alilazwa usingizi wa mwisho Januari 2007.

Ndani ya kwato kuna tabaka linaloshikilia mfupa kwenye ukuta wa kwato, na linategemea damu inayosukumwa mguu unapopokea uzito na kuuachia. Mguu ukibeba mfululizo bila kupumzika, tabaka linakosa damu, linaachia, mfupa unazama. Kwa hiyo kila asubuhi na jioni shika kwato zote nne kwa kiganja, alafu weka vidole nyuma ya kifundo, upande wa ndani na wa nje, tafuta mapigo. Kwa mguu mzima mapigo ni hafifu, unayatafuta mpaka unachoka. Yakiwa yanagonga wazi, na kwato ina moto, usingoje kesho. Jifunze kuyapata akiwa mzima ili ujue tofauti.

Matandiko yawe mazito, sentimita 15 au zaidi, ili aweze kulala vizuri na kupumzisha miguu yote kama ameruhusiwa. Fundi wa kwato anaweza kuweka kitu cha kushikilia kisigino na nyayo ya ule mguu mzima. Farasi aliyeumia sana na aliyeacha kubadilisha uzito kutoka mguu hadi mguu ndo wa kumhofia.

Miguu yote ya nyuma imevimba. Ameumia tena?

Mara nyingi hapana. Uvimbe laini, baridi, wa miguu miwili au minne sawasawa, unaotokea usiku na kupungua akitembea, ni maji tu yaliyokosa mwendo wa kuyarudisha juu. Bandeji za kusimamia zinasaidia. Mguu mmoja peke yake, wa moto, unaouma ukigusa, hiyo ni habari nyingine.

Bandeji ziwe na pamba nene chini, zifungwe bila mikunjo, mkazo sawa toka chini mpaka juu, na zifunguliwe angalau mara moja kwa siku ukague ngozi. Iliyokazwa vibaya inaweza yenyewe kuumiza kano. Kama hujui kufunga, bora asifungwe mpaka mtu akuonyeshe.

Anapiga teke mlango, anauma, anazunguka banda siku nzima. Nifanyeje?

Ana haki ya kuchanganyikiwa. Huyu ni mnyama wa kundi na wa kutembea, alafu ni kijana, na amefungiwa peke yake bila kuelewa kwanini. Wengi wanaanza kuuma mbao, kuyumba huku na huku mlangoni, na hizo tabia zikishaota mizizi haziondoki hata akipona.

Cha kwanza kabisa ni mwenzake. Amuone farasi mwingine muda wote, na bora zaidi wagusane pua kwenye ukuta wa nyavu. Mwenzake awe mtulivu, na asiondolewe ghafla kwenda malishoni huku huyu anabaki anapiga kelele. Mbuzi au punda wamesaidia farasi wengi. Kama hakuna kabisa, kioo kisichovunjika ukutani kinawatuliza baadhi yao, ila muangalie siku ya kwanza kwasababu wapo wanaotaka kupigana nacho.

Vitu vya kuchezea vinachosha haraka, kwahiyo badilisha, usivitundike vyote kwa pamoja. Nyasi za aina mbili kwenye kona tofauti, tawi salama la kuguguna, mpira wenye matundu unaotoa peleti chache. Kumpiga brashi nusu saa ni dawa kweli kweli. Na ratiba isibadilike badilike, ajue chakula kinakuja saa ngapi.

Miezi hii pia ni shule. Anaweza kujifunza kushusha kichwa, kurudi nyuma hatua moja, kuinua kwato zote bila vita, kugusa kitu kwa pua alafu apate tuzo, kuvaa lijamu, kusimama anaposhikwa masikio. Dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa siku, na uache kabla hajachoka. Mazoezi ya kunyoosha shingo kwa karoti ni mazuri ila uliza kwanza kama jeraha linaruhusu. Tuzo za mkononi zikimfanya aanze kung'ata, weka kwenye bakuli.

Kumpa dawa ya kumtuliza ni kushindwa?

Hapana, na natamani watu wangeacha kuona aibu hapa. Farasi aliyetulizwa vizuri miezi miwili ni bora kuliko aliyejiumiza upya ndani ya sekunde tatu. Ziko dawa tofauti, asepromazini, trazodoni, na nyingine za kukaa mwilini muda mrefu, kila moja na hatari zake. Asepromazini kwa dume inaweza kufanya uume utoke na usirudi ndani, ni nadra ila ni dharura. Anayechagua ni daktari. Na farasi aliyepewa dawa bado anaweza kupiga teke, usimuamini kupita kiasi.

Nimtembezeje?

Unapoambiwa uanze, kawaida ni dakika 5 mara mbili kwa siku, alafu unaongeza dakika 5 kila wiki kama hakuna joto wala uvimbe mpya. Ardhi ngumu iliyo sawa, mstari mnyoofu, kona pana. Mchanga mzito unavuta kano. Kumzungusha duara kwa kamba ndefu ni marufuku mpaka mwisho kabisa.

Vaa kofia ngumu na glavu, kamba iwe ndefu na usijizungushie mkononi hata mara moja. Lijamu au mnyororo wa puani badala ya hatamu tupu. Saisi mwenye uzoefu, sio mtoto. Mtoe akiwa ameshakula kidogo, saa ambayo hakuna fujo, bila upepo mkali, na sio wakati wenzake wanakimbia upande wa pili wa uzio. Akishindikana siku hiyo mrudishe ndani, siku moja iliyopotea haina madhara.

Banda linanuka mkojo. Kuna shida?

Kuna shida ya mapafu. Ukiinusa ukiwa umesimama, yeye akilala inampiga mara nyingi zaidi. Ondoa mavi mara 3 au 4 kwa siku, toa maranda yaliyolowa kila siku mpaka sakafuni, madirisha wazi, na nyasi zilizolowekwa ziwekwe chini ili ale kichwa kikiwa chini na vumbi litoke puani. Usifagie akiwa ndani. Kwato zisafishwe kila siku, sehemu laini ya chini ikianza kunuka na kutoa uchafu mweusi inaoza, na fundi wa kwato aendelee kuja kila wiki 4 hadi 6 ilimradi farasi anaweza kusimama kwa miguu mitatu. Kama kulikuwa na kidonda, hakikisha chanjo ya pepopunda iko sawa.

Lini nipige simu bila kusubiri?

Joto la mwili likipita 38.5. Mapigo ya moyo yakiwa juu akiwa ametulia: mkubwa ni 28 hadi 44 kwa dakika, wa mwaka mmoja au miwili anaweza kuzidi kidogo, kwahiyo andika ya wa kwako kila siku kwa wiki ya kwanza. Asipokula mlo mzima. Asipotoa kinyesi nusu siku. Akilala muda mrefu kuliko kawaida yake, au akigoma kugeuka bandani. Mguu ulioumia ukiwa na joto jipya. Plasta yenye harufu, unyevu, au sehemu moja ya moto.

Siku ya kumtoa uwanjani mara ya kwanza nifanyeje?

Kauwanja kawe kadogo, kama mabanda mawili yaliyounganishwa, sio shamba. Uzio mrefu unaoonekana, chini pasiteleze wala pasiwe na matope. Mtembeze kwanza nusu saa kama ratiba yake imeshafika huko, awe amevaa kinga za miguu, na dawa ya kutuliza iwe imeshaingia damuni kabla hujamfungua, yaani apewe akiwa bado bandani amenyamaza, manake ukimpa akiwa ameshapandwa na mori haifanyi kazi vizuri. Lundo la nyasi katikati. Mwenzake mtulivu upande wa pili wa uzio, sio ndani. Dakika 15 zinatosha, kesho tena, na baada ya hapo shika mguu, linganisha na mwenzake kwa kiganja.

Uwanja unapanuliwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Kwa kano, watu wengi wanamaliza kwanza kutembea na hata kukimbia polepole chini ya usimamizi kabla ya kumwachia huru na kundi.

Na kumpanda?

Kama hajawahi kupandwa, hakuna haraka yoyote. Mpe muda mwingine baada ya picha safi ya mwisho, mifupa ijijenge tena kwa kutembea kwake mwenyewe uwanjani. Kama alikuwa ameshaanza, anza na kutembea chini ya mpandaji mwepesi, mstari mnyoofu, wiki kadhaa, alafu kukimbia polepole kwa dakika 2 au 3 tu, na uongeze kitu kimoja kwa wakati: muda, au kasi, au ugumu wa ardhi, usiongeze viwili wiki moja. Picha nyingine ya ultrasaundi au eksirei ipigwe kabla ya kila hatua kubwa, yaani kabla ya kukimbia kwa kasi na kabla ya kuruka, na mguu ukipata joto rudi hatua moja nyuma siku hiyohiyo.